Usiulize Ni Nani Aliyefunga Koo



Kuna swali moja linalotoka upesi katika nyumba zetu mtu anaposhindwa kumeza. Mgonjwa amekula tonge la bukari, tonge limekwama. Anashika kifua. Anakunywa maji, na maji yanarudi kwa mdomo na kwa pua. Ndipo jamaa wanatazamana, na mmoja anauliza, "Ni nani aliyemfunga koo?"

Baada ya swali hilo majina yanaanza kutajwa. Shangazi aliyepakua chakula siku ya matanga. Jirani mwenye kesi ya kiwanja. Bibi mzee anayelala chumba cha nyuma. Mara nyingine ni mtoto, yatima aliyetoka kijijini, asiye na mtu wa kumtetea.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema wazi: swali hilo liachwe. Linaumiza watu wawili kwa mara moja. Linamwumiza mgonjwa, kwa sababu siku zake zinapotea huku ugonjwa ukiendelea na kazi yake. Tena linamwumiza yule anayesingiziwa. Mahali pa swali hilo tuweke maswali matatu mengine: Je, ilianza lini? Kitu gani kinakwama? Je, mgonjwa anakonda? Nitakuonyesha kwa nini maswali haya matatu yana nguvu kuliko lile moja.

1. NJIA YA CHAKULA ILIVYO

Kutoka kooni hadi tumboni kuna njia inayoitwa umio. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu sentimeta 25. Inapita nyuma ya bomba la pumzi, nyuma ya moyo, kisha inapenya kiwambo na kuingia tumboni.

Wengi wanafikiri umio ni kama bomba la maji, kwamba chakula kinaanguka tu chini. Sivyo. Umio ni misuli iliyo hai. Mtazame kiwavi anapotambaa juu ya tawi. Mwili wake unakaza nyuma, halafu katikati, halafu mbele, kwa utaratibu, kama wimbi. Umio unafanya vivyo hivyo. Unakaza juu ya tonge na kulegea chini yake, na hivi tonge linasukumwa mpaka mwisho. Safari hii inachukua karibu sekunde 10. Kwa sababu hiyo hata mtu aliyeinamisha kichwa chini anaweza kumeza. Si uzito wa chakula peke yake unaofanya kazi, ni misuli.

Mwishoni mwa umio kuna mlango wa misuli. Kila wakati umefungwa, ili chakula na maji makali ya tumbo yasirudi juu. Mtu anapomeza, mlango huo unalegea, chakula kinapita, kisha unafunga tena. Anayeamuru haya yote ni mishipa ya fahamu iliyo ndani ya ukuta wa umio pamoja na ile inayotoka kichwani.

Basi, ukielewa hivi, utaona kwamba njia hii inaweza kuharibika kwa namna mbili. Ama misuli haifuati utaratibu wake, ama njia yenyewe imekuwa nyembamba. Katika hizo mbili hakuna hata moja inayohitaji mchawi.

2. MISULI INAPOKOSA UTARATIBU

Tuseme vijana wanne wanasukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makala, kupanda mlima. Wakisukuma pamoja kwa upande mmoja, baiskeli inakwenda. Lakini mmoja akisukuma mbele, mwingine akivuta nyuma, na wa tatu akikaza breki, baiskeli inasimama na watu wanachoka bure. Ndivyo inavyokuwa umio unapopata mkazo. Misuli inakaza yote kwa wakati mmoja bila wimbi. Chakula hakiendi. Mgonjwa anasikia maumivu makali katikati ya kifua, mara nyingine mpaka mgongoni na shingoni. Anaweza kutoka jasho na kudhani atakufa. Kisha baada ya dakika chache, au saa, yanapita. Kesho anakula vizuri, na keshokutwa yanarudi.

Ugonjwa huu haukuvumbuliwa jana. Mwaka 1889 daktari Osgood wa mji wa Boston, Marekani, aliandika habari za wagonjwa wa namna hii. Kwa watu wengine unaamshwa na kinywaji cha baridi sana au cha moto sana, na kwa wengine na maji makali yanayopanda kutoka tumboni. Mara nyingi hauui. Lakini maumivu yake yanafanana sana na maumivu ya moyo, na moyo unaua. Kwa hiyo mtu asijiambie mwenyewe, "Huu ni umio tu." Apimwe moyo kwanza.

Ugonjwa wa pili unaitwa akalasia, neno la Kiyunani lenye maana ya kutolegea. Hapa mishipa ya fahamu ya umio inakufa kidogo kidogo. Wimbi linapotea, na mlango wa chini unakataa kufunguka. Chakula kinalala juu ya mlango kama watu waliofika ofisini na kukuta kumefungwa. Umio unapanuka kama mfuko. Usiku mgonjwa akilala, chakula cha jana kinarudi kinywani, kingine kinaingia mapafuni, naye anakohoa mpaka watu wanadhani ni kifua kikuu. Ugonjwa huu si wa watu wengi. Katika nchi zilizohesabu, ni karibu mtu 1 katika watu 100,000 kila mwaka. Lakini katika mji mkubwa kama Lubumbashi huyo mmoja yuko, na mara nyingi yeye ndiye anayeitwa "amefungwa."

Tazama jinsi watu wa zamani walivyohangaika nao. Mwaka 1674 daktari Thomas Willis wa Uingereza aliandika habari ya mtu aliyekuwa akifa kwa njaa huku chakula kiko mbele yake. Willis alichukua mfupa mwembamba wa nyangumi, akafunga sponji mwishoni, na kumfundisha mgonjwa kusukuma chakula chini baada ya kila mlo. Mtu yule aliishi hivyo miaka mingi. Mwaka 1913 daktari Ernest Heller wa Ujerumani aliupasua msuli wa mlango ule kwa kisu, ukalegea. Kazi yake inafanywa mpaka leo. Mwaka 2008 daktari Haruhiro Inoue wa Japan alianza kuukata msuli huo kwa kupitia kinywani, bila kupasua kifua wala tumbo. Pia kuna njia ya kupanua mlango kwa puto linaloingizwa kupitia kinywani.

Waza jambo hili, msomaji. Huko Ulaya pia watu walikuwa wakiogopa wachawi katika siku za Willis. Lakini mgonjwa yule hakusaidiwa kwa kumtafuta aliyemroga. Alisaidiwa kwa sababu mtu mmoja aliuliza, "Chakula kinakwama wapi?"

3. NJIA INAPOKUWA NYEMBAMBA

Sasa tuseme misuli ni mizima lakini njia imebanwa. Hapa kuna mambo matatu makubwa.

La kwanza ni kansa ya umio. Inatokea sana katika sehemu ya mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia, Kenya, Uganda na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Hospitali ya misioni ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa hawa. Wengi wanafika wakiwa wamechelewa, hawawezi kumeza hata mate. Kwa mgonjwa wa namna hii madaktari wanaweka bomba dogo la nyavu za chuma ndani ya umio ili aweze tena kula na kunywa. Bomba hilo linamfungulia njia, lakini haliondoi kansa. Anayewahi ndiye mwenye nafasi ya kupasuliwa na kutibiwa.

Tumbaku inaleta kansa hii, na vileo pia, hasa vikali kama lutuku. Tena mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyopita digrii 65, yaelekea vinaleta kansa ya umio. Chai si mbaya. Moto wake ndio mbaya. Iache ipoe kidogo.

La pili ni kovu. Mtu aliyemeza kitu kikali anaungua ndani, na kidonda kinapopona kinaacha kovu linalovuta njia na kuifanya nyembamba. Nitalisema jambo hili peke yake huko mbele, kwa maana linawapata watoto.

La tatu ni utando mweupe, yaani ukungu unaoota ndani ya kinywa na umio. Unampata hasa mtu ambaye mwili wake umepoteza kinga, kama mwenye sida asiyepata dawa. Kila akimeza anasikia kama anameza misumari. Anaacha kula, anakonda, na watu wanasema amepewa sumu. Lakini ugonjwa huu una vidonge vyake vinavyojulikana, na wengi wanapata nafuu kwa siku chache tu. Ni huzuni mtu akifa kwa njaa kwa ajili ya ukungu unaotibika.

4. KWA NINI MASWALI YALE MATATU

Sasa rudi kwenye maswali yetu.

Je, ilianza lini, na inaendeleaje? Mkazo wa misuli unakuja na kwenda. Akalasia inakuja polepole, hata kwa miaka. Kansa haiendi na kurudi. Kila juma ni baya kuliko juma lililopita.

Kitu gani kinakwama? Njia ikizidi kubanwa, kwanza bukari na nyama vinakwama, halafu sombe na wali, halafu uji, mwisho maji. Lakini misuli ikiwa ndiyo mbaya, maji na bukari vinasumbua sawasawa tangu mwanzo.

Je, anakonda? Mtu anayekonda haraka asingoje.

Muuguzi akipata majibu haya matatu, tayari ana nusu ya kazi mkononi. Atajua kama ampeleke mgonjwa kupigwa picha ya radio baada ya kunywa dawa nyeupe, au kutazamwa ndani kwa mpira mwembamba wenye taa. Lakini akiambiwa tu, "Shangazi yake ndiye aliyempa chakula," hana la kufanya na neno hilo. Halimwonyeshi mahali, wala siku, wala dawa.

5. SODA KALI KATIKA CHUPA YA LIMONADI

Akina mama wengi wa mji wetu, huko Katuba, Kenya, Ruashi na penginepo, wanapika sabuni nyumbani kwa mafuta na soda kali. Ni kazi ya heshima, inayolipa ada za shule. Siisemi vibaya kazi hiyo. Nasema vibaya chupa.

Soda kali ikichanganywa na maji inaonekana kama maji. Ikiwa kavu inaonekana kama chumvi au sukari. Na inawekwa katika nini? Katika chupa ya limonadi, katika kikombe, chini ya meza. Maji ya betri ya gari pia yanawekwa vivyo hivyo. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, anaona chupa anayoijua, anakunywa. Funda moja latosha kumharibia umio.

Hapa shikeni sana neno moja, wazazi. Mtoto akishapona vidonda vya kinywa, anaanza kula tena, na nyumba yote inashangilia. Lakini baada ya majuma 3, au miezi michache, kovu linaanza kuvuta. Mtoto aliyekuwa amepona anaanza tena kukwama. Ndipo watu wanasema, "Huu si ule ugonjwa wa kwanza, kuna mtu ameingilia." Hapana. Ni ule ule. Kovu limefika wakati wake. Mtoto huyo anahitaji kupanuliwa njia hospitalini, si mara moja bali mara nyingi, na kila mwezi wa kuchelewa unaifanya kazi kuwa ngumu.

Huko Marekani daktari Chevalier Jackson aliwaona watoto wengi wa namna hii, wakati soda kali ilipouzwa madukani bila alama yoyote. Hakutosheka kuwatibu. Alikwenda kuwasemesha watunga sheria kwa miaka, mpaka mwaka 1927 ikatoka sheria kwamba kila chombo cha dawa kali kiandikwe neno "sumu." Jackson alijua kwamba daktari akitibu tu bila kuzuia, kazi haiishi.

Sisi tusingoje sheria. Kila mwenye kupika sabuni anaweza kuanza leo: chombo chake kiwe cha peke yake, kisiwe cha kinywaji, kiwe na alama ya fuvu, kifungwe, kiwekwe juu mahali mtoto hafiki. Na wewe muuza soda sokoni, usimpimie mteja katika chupa ya kinywaji. Mwambie alete chombo kingine. Akikasirika, akasirike. Mtoto wake atakua.

6. HABARI YA KUFUNGA CHAKULA

Sasa nasema neno ambalo si wote watalipenda. Wako watu wanaompeleka mgonjwa wa koo katika vyumba vya maombi, na huko anaamriwa kufunga chakula siku 3, au 7, ili kifungo kikatike.

Kuombea mgonjwa ni vema, nami mwenyewe nawaombea. Lakini mtu asiyeweza kumeza tayari amekwisha kufunga, tena bila kupenda. Mwili wake unakula nyama yake mwenyewe. Kumwondolea uji kidogo uliobaki ni kumharakisha kaburini. Aliye mzima na afunge kwa ajili ya mgonjwa akitaka. Mgonjwa na alishwe. Tena hakuna ombi linalozuiwa na gari la kwenda hospitali. Mwombeeni njiani.

Vilevile kwa nganga anayesema atakata kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Desturi hii iko sehemu nyingi za Afrika ya mashariki na kati. Kimeo hakizuii chakula kushuka umioni. Kukikata kwa kiwembe kunaleta damu nyingi, uchafu wa kidonda, na hata pepopunda, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale ulipokuwa.

Na habari ya watoto wanaosingiziwa uchawi, sheria ya nchi yetu imesema tayari. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Basi anayemtaja mtoto kwa sababu koo la baba limefungwa, anafanya kosa mbele ya hakimu, na mgonjwa hapati hata kijiko kimoja cha uji kwa kosa hilo.

7. "LAKINI HOSPITALI NI GHARAMA"

Najua utaniambia hivi, nawe una haki. Hospitali ni gharama. Radio inalipwa, mpira wenye taa unalipwa, na si kila zahanati inavyo. Mara nyingine inabidi kutumwa katika hospitali kubwa kama Sendwe au kliniki za Chuo Kikuu, na huko pia kuna foleni.

Lakini fanya hesabu pamoja nami. Nganga wa kwanza alichukua kuku na pesa. Wa pili alichukua mbuzi. Safari ya kijijini kutafuta chanzo ilikula nauli ya watu watatu. Mavazi meupe na mafuta ya upako yalinunuliwa. Kisha, miezi 5 ikiisha, mgonjwa anabebwa hospitalini akiwa mifupa mitupu, na jamaa wanasema, "Pesa zimekwisha." Ndiyo, zimekwisha, lakini zilikuwapo. Ziliingia mlango usio wake. Pesa za kwanza ndizo zenye nguvu, kwa maana zinamkuta mgonjwa angali na mwili wa kuvumilia matibabu.

Tena si kila koo linahitaji gharama kubwa. Wa utando mweupe anahitaji vidonge. Mwenye mkazo anaweza kusaidiwa kwa kubadili ulaji na dawa ndogo. Huwezi kujua bila kuanza.

8. MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Kata ukurasa huu ukitaka, uubandike ukutani.

Kwanza. Chakula kikikwama mara kwa mara, usipitishe majuma 2 bila kuonana na muuguzi au daktari. Akiwa hamezi hata maji, au anatapika damu, au anakonda sana, nenda leo.

Pili. Mtu akikabwa asiweze kupumua wala kusema wala kukohoa, hilo si jambo la umio bali la pumzi. Mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisha mshike kutoka nyuma, usukume tumbo juu ya kitovu kwa ndani na juu mara 5. Rudia. Kwa mtoto mchanga usisukume tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5.

Tatu. Mwiba wa samaki ukikwama, usiusukume kwa tonge kubwa la bukari. Tonge linaweza kuuzamisha mwiba katika ukuta wa umio. Nenda hospitalini.

Nne. Mtoto akimeza kibetri kidogo cha duara, cha saa au cha mchezo, kimbia. Ndani ya saa 2 kinaweza kuuchoma umio.

Tano. Aliyemeza soda kali au asidi asitapishwe. Kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Usimpe mafuta ya mawese, wala ndimu, wala siki. Msukutue kinywa kwa maji, chukua chombo alichonywea, upeleke pamoja naye.

Sita. Meza vidonge ukiwa umekaa au umesimama, kwa kikombe kizima cha maji, wala usilale papo hapo. Vidonge vingine, kama doksisiklini, vikikwama vinachoma umio.

Saba. Anayesumbuliwa kumeza ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, akitafuna sana. Umpe uji mzito wenye maziwa au unga wa karanga, mayai, mchuzi, samaki asiye na miiba, sombe iliyopondwa vizuri. Asilale mpaka saa 3 zipite baada ya kula. Kitandani ainuliwe kichwa na kifua.

Nane. Taya ikikaza na mwili kujipinda, hiyo yaweza kuwa pepopunda, hasa baada ya kidonda, au kwa mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa chombo kichafu. Na mtu aliyeng'atwa na mbwa, kisha koo lake likakaza kila akiona maji, huyo ana kichaa cha mbwa, na hapo dawa imechelewa. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa, osha kidonda siku ile ile kwa maji na sabuni dakika 15, uende kuchanjwa. Koo likikaza ghafula upande mmoja wa uso ukilegea, hiyo yaweza kuwa damu kuharibika kichwani. Usimpe chakula kwanza, mpeleke.

9. NENO LA MWISHO

Mzee akikataa bukari, mke wake anadhani amechukizwa. Kijana akiondoka mezani kila siku, rafiki zake wanadhani ana kiburi. Mtu mwenye ugonjwa wa umio anajificha, kwa maana kutema chakula mbele ya watu ni haya. Anaanza kula peke yake gizani. Basi wewe uliye karibu naye ndiwe utakayeona kwanza. Utaona sahani haimaliziki. Utaona mshipi unaingia tundu jipya. Utasikia kikohozi cha usiku.

Siku hiyo usiite kikao cha ukoo kutafuta adui. Mketi wawili, kwa upole, umwulize: "Baba, ilianza lini? Kitu gani kinakwama? Je, umekonda?" Kisha mpe uji mwepesi, umtafutie nafasi ya gari, na asubuhi mwende pamoja. Chukua karatasi yenye majibu yake, umpe muuguzi mlangoni.